Mama Kimya Agoma Kuipitisha Mashine Isiyopumua

Saa mbili kasorobo asubuhi, Mama Kimya anavua saa, bangili, pete na viatu, anaviweka kwenye kikapu cha plastiki mlangoni, kisha anaingia kwa soksi kwenye chumba cha kupimia kelele. Mlango wa chuma, mnene kama godoro, unajifunga taratibu nyuma yake. Anaketi kwenye kigoda, anafumba macho na kutega sikio. Ndivyo anavyofanya kila siku kabla ya kuiamini kompyuta.

"Tumbo lako linaongea," anamwambia mwandishi wa makala haya aliyemfuata ndani. "Umekunywa chai wewe?"

Mwandishi anakiri kuwa bado.

"Basi toka. Nimekuja kupima mashine, sikuja kupima njaa yako."

Mama Kimya, mwenye umri wa miaka 46 na watoto watatu, ni fundi wa maabara inayopima mashine za kubadilisha hewa. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa utani, maana nje ya chumba hiki hanyamazi hata akitafuna. Aliingia hapa akiwa mfagiaji, akasoma masomo ya jioni, akafanya mtihani mara mbili, ndipo akapewa koti jeupe.

"Chumba hiki nimekifagia miaka sita kabla hawajaniruhusu kugusa swichi," anasema. "Hakuna kona nisiyoijua. Nani ataniambia nini hapa?"

Mashine zenyewe zina kazi nzuri. Zinatoa nje hewa iliyochakaa na kuingiza hewa safi, huku ubaridi au joto la ndani likibaki chumbani ili umeme usipotee bure. Tatizo lake ni kelele. Watu wakichoshwa na mngurumo huzizima, na zikizimwa hazina faida kwa mtu yeyote. Ndiyo maana watengenezaji huongeza vifaa vya kupunguza kelele, na Mama Kimya ndiye anayepima kama kweli kelele imepungua.

Mashine iliyomo chumbani leo imekusudiwa wodi za hospitali mpya. Imepachikwa kisanduku chenye sponji nene kwenye njia ya hewa. Anaiwasha, anatoka, anafunga mlango na kutazama kompyuta. Desibeli 29. Ni utulivu ambao mgonjwa yeyote angeuombea dua.

Mama Kimya hapigi makofi. Anarudi ndani, safari hii akimruhusu mwandishi amfuate, na kubandika utepe wa karatasi laini kwenye mdomo wa mashine. Utepe unaning'inia tu. Anapima hewa inayotoka: lita 19 kwa sekunde. Lebo ya mtengenezaji inasema 55.

Anaking'oa kile kisanduku cha sponji. Utepe unaruka na kuanza kucheza. Hewa inafika lita 55 kamili, na wakitoka na kufunga mlango ili apime tena, kelele inapanda hadi desibeli 43.

"Umeona mwenyewe," anasema, mikono kiunoni. "Hawakupunguza kelele hawa, wamepunguza hewa. Hata mimi, pamoja na mdomo wangu huu, mkiniziba pua na mdomo mtapata ukimya wa ajabu. Lakini mtakuwa mmeniua."

Hasira hii haikuanza leo. Miaka tisa iliyopita alipewa mashine kama hii, akapima kelele ikiwa kwenye kasi ya chini kabisa, akaandika namba nzuri na kutia sahihi. Hakuuliza inatoa hewa kiasi gani kwenye kasi hiyo. Fomu haikuuliza, naye hakuuliza.

Mwaka uliofuata mama yake mzazi alilazwa kwa ugonjwa wa mapafu. Siku aliyokwenda kumwona alikuta wodi imejaa joto na harufu ya dawa, na mashine ukutani imezimwa. Wauguzi walimweleza kuwa kwenye kasi ya chini haikutoa hewa ya kutosha, na kwenye kasi inayotosha wodi mashine ilinguruma, wagonjwa wakawa hawapati usingizi. Aliisogelea akasoma namba ya lebo. Ilikuwa ileile aliyoisaini yeye.

"Mama alikuwa anajipepea kwa kipande cha boksi," anasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake inashuka. "Akaniambia, 'Mwanangu, si unafanya kazi za mashine hizi? Hebu itengeneze.' Nilishindwa hata kumtazama."

Mama yake alipona na kurudi nyumbani, lakini binti hakujisamehe. Tangu hapo haandiki namba ya kelele bila kuandika namba ya hewa kando yake, kwenye mstari mmoja. Kwa msimamo huo amepewa barua mbili za onyo na kuondolewa kwenye ukuu wa kitengo, cheo kilichokuwa kikimletea karibu moja ya tano ya mshahara. Jumatatu ijayo ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu, na anaweza kupoteza kazi.

Mume wake, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, amemwambia asirudi nyuma. "Yeye anapima kelele, mimi naitengeneza kwa cherehani," anatania kwa simu. "Wakimfukuza aje nimfundishe kushona. Ila wateja watamkimbia kwa maneno."

Saa tano meneja anaingia na fomu mpya, bado ina joto la printa. Ni kijana mpole, na leo hataki ugomvi. Kama kawaida, haina safu ya hewa ambayo Mama Kimya huiongeza kwa mkono.

"Mama, tafadhali. Mteja ameomba kelele. Mpimie kelele, saini, tumalize."

"Atakayelala chini ya mashine hii ameomba nini, bosi?"

"Hiyo si kazi yetu."

"Yako labda. Yangu ndiyo."

Anafungua droo, anatoa rula ya mbao iliyoliwa pembeni, na kuchora safu kwa kalamu ya wino, mstari juu na mstari chini. Anaandika: desibeli 29, lita 19. Chini yake: desibeli 43, lita 55. Kisha anatia sahihi yake ndefu.

"Ukiipeleka hivyo, Jumatatu sitakutetea," meneja anasema.

"Kwani barua mbili zile ulinitetea?"

Meneja anaichukua fomu na kutoka.

Mama Kimya anasema anachotaka ni kitu kimoja: safu ile ichapwe kwenye kila fomu, ili fundi yeyote, hata mgeni wa jana, asiweze kukosea kama alivyokosea yeye. Ameshaandika ombi hilo kwenye kurasa nne, na ndilo atakaloisomea kamati kabla hawajamsomea mashtaka.

Na wakimfukuza?

Anairudisha rula, lakini si ndani ya droo. Anailaza katikati ya meza, mahali ambapo haiwezi kukosa kuonekana.

"Mimi nitaondoka, hii itabaki," anasema. "Atakayekalia kiti hiki lazima atauliza ni ya nini. Na humu ndani wote wanajua jibu."