Kipande cha Kwanza cha Keki ya Anna

Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Anna niliamka na hasira kwa sababu ya jogoo. Nilikuwa nimemlisha tangu mvua zilipoisha ili mimi mwenyewe nimwandalie mwanangu wa kwanza, Anna, paja siku ya somo wake, mtakatifu wa jina lake. Kabla sijawasha moto, wifi yangu Kalekye alikuwa ameshamchinja na anamnyonyoa, na Anna amechuchumaa karibu naye akimshikia beseni.

"Mwaitu, shika vizuri," alikuwa anamwambia.

Mwaitu ni mama. Anna ana jina la mama mkwe wangu, na kwetu Ukambani dada wa baba humwita mtoto kama huyo mama yake, na kumheshimu hivyo. Mila naijua. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, tena kwa shida, na roho iliniuma kila nilipolisikia neno lile. Mtoto naye alijua pa kudekezwa. Akianguka, alimlilia shangazi.

Tuliishi mashariki ya Kitui, mbali na kanisa, na padri alitufikia mara chache. Kwa hiyo somo tulimsherehekea nyumbani. Watoto walioga, wakapakwa mafuta, wakazunguka boma wakiimba. Anna alitangulia na picha ya mtakatifu, na nyuma yake Kyalo, mtoto wa pekee wa Kalekye, alipiga debe mpaka akalipasua. Nilikuwa nimeoka keki kwa sufuria, makaa juu ya kifuniko. Anna alikata kipande cha kwanza. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa Kalekye.

"Mwaitu, anza na mama yako," Kalekye alimwambia, lakini alikuwa ameshakipokea.

Nikaingia jikoni kugongagonga vyombo. Kyalo alishiba, akalala ndani juu ya gunia la ndengu.

Tulijua kuna shida. Tangu kiangazi kianze, wachungaji wenye bunduki walikuwa wakiingiza ngamia mashambani, na siku chache kabla ya hapo vijana wetu walikuwa wamewafukuza ngamia kwenye mbaazi. Majirani kadhaa walihama. Mume wangu, Mutisya, alisema tungehama tukishavuna.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa kisima.

Wa pili ulikuwa karibu zaidi.

Nilimfunga Mumo, mtoto wangu mdogo, mgongoni. "Anna!" niliita, nikafungua mikono.

Alimkimbilia Kalekye.

Kalekye alimbeba, akakimbia naye hadi korongoni. Nikawafuata. Mutisya alikuja mwisho, akipitia nyuma ya ghala.

Tulilala kifudifudi mchangani. Risasi zilikuwa bado zinalia, nami nikawa naitazama mikono ya mwanangu jinsi ilivyoshika shingo ya mwingine. Mtu hudhani hofu hufuta kila kitu. Wivu wangu haikuufuta.

Kalekye aliinua kichwa. "Kyalo ako na wewe?" alimuuliza kaka yake.

"Si ni wewe ulikuwa naye?"

Mutisya alimshika asirudi. Alimshika mpaka milio ikakoma.

Tulimkuta Kyalo juu ya lile gunia. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na risasi ilipita ukutani.

Siku hizi tunaishi katika mji wa Wote, kwenye ploti moja, sisi upande huu wa ua na Kalekye upande ule. Tulipofika, Anna aliomba kulala kwa shangazi asije akawa peke yake. Nilimruhusu wiki moja. Sasa ni msichana mkubwa, na nguo zake bado ziko kule. Kanisani watu humtaja Kalekye kwa heshima: yule ndiye aliyemwokoa mtoto wa kaka yake. Hata heshima hiyo nimemwonea wivu, ingawa najua alivyoipata. Na kila jioni redio yake hulia kwa sauti ya juu. Nilikuwa nikijiambia kwamba huko kuna raha, ndiyo maana mtoto harudi kulala kwangu.

Mwaka huu, siku ya somo, Anna alikata keki. Kipande cha kwanza akampa Kalekye. Nikachukua sufuria, nikatoka kuiosha nje. Kalekye akanifuata.

"Mama Anna, wewe unanionea wivu."

Sikuona faida ya kukataa. "Sana."

"Hata mimi nakuonea." Alikaa kwenye ngazi, keki yake ikiwa bado mkononi. "Jioni ukisimama kwa mlango uite watoto wakule. Unaita Anna, unaita Mumo, na wote wanakuja. Hapo ndipo mimi naongezanga redio."

Miaka yote hiyo niliita kwa sauti ya juu makusudi, ili Anna asisahau ni wa nani.

Niliisugua ile sufuria mpaka giza likaanza kuingia. Watoto walikuwa wakicheza mwisho wa ploti. Nilisimama mlangoni kama kawaida, nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikatembea mpaka walipokuwa, nikamgusa Mumo begani, nikamgusa Anna, wakanifuata.

Upande wa pili wa ua, redio haikulia.