Mwanafunzi Bora wa Darasa la Ubatizo

Kwa miaka kumi na tisa nilifundisha darasa la ubatizo katika kanisa letu la Mtopanga, na mwanafunzi bora niliyewahi kumpata hamwamini Mungu. Nakuambia mapema usije ukasoma hadi mwisho ukitarajia kwamba ataokoka. Mimi mwenyewe nilitarajia, na nilikuwa na sababu nzito kuliko yako: alitaka kumwoa binti yangu.

Kanisa letu, kama hulijui, ni la watu wanaoshika mambo ya zamani. Wanawake hawaingii na suruali, mahubiri hayapungui saa moja, na hakuna anayefungishwa ndoa madhabahuni kabla hajabatizwa. Anayetaka kubatizwa alikuwa akija kwangu Jumamosi alasiri, wiki kumi na mbili. Mwishoni nilimuuliza maswali, kisha nikatia sahihi kwenye kadi yake, chini ya maneno yanayosema kwamba mimi, mwalimu wake, nimeridhika kuwa anaamini. Bila kadi hiyo mchungaji hamgusi mtu majini. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa bawabu wa mbingu kwa upande huu wa Kisauni, na sikuiona kazi hiyo kuwa kubwa kunizidi.

Kijana mwenyewe ni fundi wa friji, ana kibanda chake Mjambere. Mke wangu alikuwa amefariki, tumebaki wawili nyumbani, mimi na binti yetu wa pekee. Friji ikaharibika, binti akamleta fundi, friji ikapona, na mengine yakafuata. Alipokuja kujitambulisha rasmi alinipa shikamoo ya heshima, akala bila kuchagua, na kabla hajanawa mikono akaniambia, "Mzee, nisije nikakudanganya. Mimi siamini. Lakini binti yako namtaka kwa njia yenu."

Nilifurahi. Nimestaafu ualimu wa shule ya msingi, na mwalimu aliyestaafu akiletewa hata mjinga mmoja wa kufundishwa hulala usingizi mzuri. Tena wasioamini wa siku hizi niliwajua. Wengi wao hawajaacha dini, wamehama tu. Mtu alikuwa akimsikiliza mchungaji saa tatu za Jumapili. Sasa anamsikiliza bwana mmoja wa kwenye simu saa tatu za kila siku, anamtolea ushuhuda, anawaletea jirani habari zake njema bila kuombwa, na akipingwa analia kwamba anateswa kwa ajili ya ukweli. Nikasema huyu nitamrudisha kwa wiki sita.

Wiki ya kwanza nikaanza na hoja yangu niliyoitunza miaka mingi. Nikamweleza polepole, mbele ya wenzake, kwamba hata friji haijiundi. Ukiiona, unajua kuna akili iliyoibuni.

"Kweli, mwalimu," akasema. "Na waliobuni ile yako walisahau kuweka mahali pa maji kutokea. Ndiyo maana ilikuwa ikikulowesha sakafu."

Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda nyumbani nikaikagua ile friji mpaka Jumatano.

Usidhani alikuwa mtu wa ubishi. Aliuliza akitaka kujua, akaandika majibu kwenye daftari, na mistari ya kukariri aliijua kabla ya wote. Kulikuwa na mama muuza viazi karai ambaye hakuelewa neema ni nini. Nilikuwa nimemweleza mara tatu, kila mara kwa upole zaidi, na kila mara akaondoka amechoka zaidi. Fundi akamwambia, "Mama, ni kama fundi aliyekutengenezea friji bila kumwita, na ukienda kumuuliza bei ameshaondoka." Mama akaelewa papo hapo. Nadhani hata mimi niliielewa vizuri zaidi siku ile, ingawa sikumwambia.

Katikati ya masomo ikaangukia sikukuu ya taifa. Sisi ni wazalendo. Tunaamini nchi ni ya Mungu na kwamba anayeidharau bendera yuko mlango wa pili kumdharau aliyetupa. Hilo nalishikilia hadi leo. Basi Jumapili iliyo karibu na sikukuu huwa na ibada ya kuliombea taifa, akina mama hutundika bendera nyuma ya mimbari, na mheshimiwa hualikwa.

Mheshimiwa wa mwaka ule alichelewa saa moja na nusu, na Mungu, aliyefika kwa wakati, akasubirishwa pamoja nasi. Tukaomba kwa machozi. Tukamkemea pepo wa ukabila, tukamkemea pepo wa ufisadi, na mheshimiwa akaitikia amina kwa sauti kutushinda wote, kama mtu ambaye yeye na pepo huyo hawajawahi kukutana. Yeye pia alikuwa mbatizwa wetu. Alibatizwa msimu mmoja wa kampeni, baada ya kuhudhuria somo moja la dakika ishirini, ambamo alipokea simu mbili. Kadi yake niliitia sahihi mimi. Nilidhani nchi imeokoka.

Watu walipokuwa wakitoka, fundi, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akanikaribia. "Mwalimu," akanong'ona, "bendera iko kichwa chini."

Nikageuka. Rangi ya kijani ilikuwa juu, nyeusi chini, na ncha za mikuki zimeelekea sakafuni kama mihogo. Kanisa zima lililolia kwa ajili ya nchi lilikuwa limeitazama kwa saa tatu, mheshimiwa ameitolea heshima, nami nimeomba nikiikodolea macho. Tukapanda viti, tukaishusha. Fundi alihakikisha haigusi sakafu, akaikung'uta vumbi, akaifunga upya sawasawa.

Nikamuuliza, maana swali hilo nilikuwa nikilitumia darasani kama mtego, uzalendo wake anautoa wapi kama hana Mungu wa kumwagiza.

"Kwani lazima nitumwe?" akasema.

Habari za mchumba wa binti yangu zilikuwa zimeshavuka ua hadi kwa jirani, bi mkubwa mmoja wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa hapa kabla ya barabara. Tangu nishuke kutoka Taita nikiwa mwalimu kijana, amekuwa akinisahihisha Kiswahili na mambo mengine. Nilipompa shikamoo akaniuliza kama ni kweli mkwe wangu ana maradhi ya kusema kweli. Nikakubali.

"Kwetu Ramadhani hoteli zatungika pazia mlangoni," akasema. "Ukipita waona miguu tu chini ya pazia. Miguu ya watu wazima, mwalimu, na viatu vyao navijua. Sijamwona hata mmoja atokaye akatangaza kuwa hafungi. Mwambie na yeye aingie nyuma ya pazia. Wallahi, ataila harusi yake kwa amani."

Nilicheka sana. Kisha ikafika Jumamosi ya kumi na mbili.

Walikuwa tisa. Swali la mwisho ni lilelile kwa kila mtu: je, unaamini? Wanane waliitikia ndiyo kama wanaoitwa majina shuleni. Mmoja aliitikia kabla sijamaliza kuuliza. Fundi alikuwa amejibu maswali yote mengine kuwashinda. Kwa hili akafunga daftari.

"Hapana, mwalimu. Nimejaribu kweli. Nikikuambia ndiyo nitakuwa nakudanganya wewe, na kama Mungu yupo, na yeye pia."

Mchungaji aliniita nje. Alikuwa mpole. Akanikumbusha kwamba tarehe imeshatangazwa, kwaya imeshashona sare, na kwamba imani ya mtu huweza kumfuata mbele ya safari kama mzigo uliotumwa kwa basi. "Mtilie tu," akasema.

Nikarudi nyumbani na kadi ikiwa tupu. Binti yangu alikuwa akichambua mchicha. Aliiona, wala hakuinua sauti.

"Baba, wangapi umewatilia sahihi?"

Nikaiweka kadi mezani.

"Mheshimiwa ulimtilia."

"Mheshimiwa alisema anaamini."

"Kwa hiyo huyu angesema uongo, mimi ningeolewa kanisani."

Nimewaeleza watoto wa watu mambo mengi magumu, kuanzia ngeli hadi Utatu Mtakatifu, na sijawahi kukosa pa kuanzia. Siku ile nilikosa. Ningeweza kumwambia kwamba nyumba isiyo na mlango ni uwanja, na kanisa lazima liwe na mlango. Hilo ni kweli, nalisema hata sasa. Ningeweza kumwambia kwamba kadi haiulizi kama mtu ni mwema. Lakini yeye alikuwa anauliza bawabu alikuwa wapi miaka yote ile.

"Sitatia," nikasema hatimaye. "Ni yeye peke yake aliyelisoma neno lililoandikwa pale kabla sijaliweka jina langu. Siwezi kulifuta neno hilo kwa kumtilia yeye."

Akaniachia mchicha na sinia. Siku tisa hakuzungumza nami ila kuuliza kama chumvi inatosha.

Katika siku hizo nilifanya jambo ambalo wazee wenzangu bado wanalijadili. Nilimwendea mchungaji na orodha ya wote niliowatilia sahihi nikiwa nimefumba macho, nikaomba ruhusa ya kuwaita tena kwa masomo, nikianza na mheshimiwa. Mchungaji alicheka, kisha akaona kwamba sicheki. Kabla ya mwezi kuisha nilishukuriwa mbele ya ushirika, nikapewa saa ya ukutani, na darasa likakabidhiwa kwa mwinjilisti kijana mwenye kasi. Yeye humaliza masomo yote kwa Jumamosi mbili. Wote hufaulu. Nasikia swali la mwisho limeondolewa kwa kuwa lilikuwa likichelewesha watu.

Ndoa ilifungwa mjini, ng'ambo ya daraja, katika ofisi ya serikali yenye nembo ya taifa ukutani na feni inayozunguka kama inayoonewa. Karani alihitaji mashahidi wawili. Bi mkubwa, aliyekuja kwa buibui lake jipya, alikuwa ameshaombwa kuwa wa kwanza. Wa pili hakuwa amepangwa. Binti yangu akanitazama.

Nikachukua hati, nikaisoma mara mbili. Haikutaka kujua naamini nini wala wao wanaamini nini. Ilitaka niseme kwamba nilikuwepo na nimewaona wakikubaliana. Nikatia sahihi.

Tulipokuwa tukishuka ngazi binti alisimama. "Nilitaka kwaya, baba," akasema.

"Najua."

"Basi imba wewe."

Nina sauti ya kuita darasa, si ya kuimba. Nikaanza hivyohivyo wimbo tunaowaimbia maarusi wetu, pale kwenye ngazi, watu wa leseni na vyeti vya kuzaliwa wakitupisha. Bi mkubwa akapiga vigelegele mahali ambapo wimbo ule hauvitaki. Ubeti wa pili ukanipotea. Mkwe wangu akaudaka, akauimba wote hadi mwisho, maana maneno aliyajua.