Marobota ya Nyasi kwenye Kona za Studio

Kila studio ndogo niliyowahi kuingia ina trei za mayai ukutani, na yangu ya mtaa wa Area D haikuwa tofauti. Nilizibandika, nikazihesabu, nikazihesabu tena, kisha nikapiga makofi katikati ya chumba. Mwangwi kimya. Nikajiona fundi.

Ikaja kwaya ya kanisa kujaribu kurekodi albamu. Sauti ya kwanza safi, ya pili na ya tatu safi. Sauti ya nne, yaani besi, ambao ni wazee wafugaji tupu, walipofungua vifua, chumba kikanguruma kama tangi tupu lililopigwa teke. Mwalimu wa kwaya alisikiliza rekodi mpaka mwisho, akavua hedifoni taratibu. Akasema albamu hiyo waumini wameichangia kwa jasho. Watarudi Jumamosi, na wakikuta ngurumo ileile wanaipeleka studio nyingine. Mimi sikuwa na kazi nyingine mkononi.

Besi, nilikuja kuelewa, haitishwi na kitu chembamba. Inataka unene, tena kwenye kona, maana ndiko inakojazana. Pamba ya kioo, ile ya njano wanayoweka chini ya mabati, muuzaji wake hakushusha bei hata nilipojifanya naondoka mara mbili. Nikaenda Kongwa, kwa wauza malisho, kutafuta unene wa bei nafuu: marobota ya nyasi kavu.

Muuzaji wa huko akaniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia sina.

"Mbuzi je?"

"Sina. Hizi nyasi ni za kumeza sauti."

Akanitazama. "Kaka, kama unataka nipunguze, sema tu hali ni mbaya. Usinitungie hadithi."

Akapunguza. Sikubishana na huruma yake.

Nikajaza kona zote, sakafu hadi dari. Jumamosi wakaimba wimbo wa kwanza, na besi ikatoka nzito, imekauka, inakatika pale inapotakiwa. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Nikapumua mapema mno.

Kiangazi kilikuwa kimekaza, ng'ombe nyumbani wanaonyesha mbavu, na wazee wa sauti ya nne wamesimama mbele ya shibe yote ile. Mmoja akachomoa unyasi, akaunusa, akautafuna, akawaambia wenzake ulikatwa ungali na maziwa, kabla haujakomaa. Wakaanza kuchagua. Nikiwaita kwenye maiki, kila mtu amebaki konani, mkono juu ya robota lake.

"Kijana, kulisha ukuta kipindi hiki ni dhambi," mkubwa wao akasema. "Tuuzie, la sivyo hatuimbi."

Nikampa shikamoo ya pili siku ile, tukaanza kupatana. Bei nilimwachia ileile ya Kongwa, jambo ambalo si desturi yangu, ila kwa sharti moja: halitoki robota mpaka wimbo wa mwisho uishe.

Sijawahi kuona kwaya yenye nidhamu vile. Hakuna aliyekosea mstari, hakuna aliyeomba maji. Jua halijazama, guta la matairi matatu limeshapakiwa marobota mlangoni.

Mwalimu akasikiliza kazi nzima, akasema albamu ijayo ni yangu, kama tu nyasi zitakuwepo. Nikamwambia hilo tuulizane mvua zikishanyesha.