Gundi Nyeusi ya Zipporah

Zipporah Mghoi hakuwa mkono birika. Mtu akiingia dukani kwake mjini Voi na redio iliyonyamaza, alipewa kiti na chai kabla redio yenyewe haijaangaliwa, na jirani akiishiwa na unga alijua mlango wa kubisha. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hata mamake mzazi hakuwahi kuonyeshwa, nacho ni kilichokuwa ndani ya ving'ora vyake.

Ving'ora hivyo ndivyo vilivyompa jina kutoka Voi mjini mpaka Marungu. Ufundi aliurithi kwa babake, aliyekuwa akitengeneza simu za stesheni zama za reli ya zamani, na ambaye alimfunza binti yake kushika waya wakati wenzake wanawafunza wa kwao kushika jembe. Jamaa zake wa Werugha mpaka leo wanaliona jambo hilo kama kichekesho. Alianza na redio, akaenda kwenye televisheni, kisha akaona jinsi wakulima wa Marungu walivyokuwa wakikesha shambani na madebe ya kupiga, wakiwafukuza ndovu ambao walikuwa wameshayazoea madebe na kuyadharau. Ndipo akatengeneza kisanduku cha kufungwa kwenye nguzo ya ua, kinachotumia betri na sola. Ndovu akiuegemea ua, king'ora kinalia na taa kali inawaka. Mbuzi akija kujikuna, kinanyamaza.

Usidhani kumtofautisha ndovu na mbuzi ni kazi ndogo. Ilimchukua misimu ya makosa, na watu wa Marungu, walioamshwa mara nyingi na mbuzi wao wenyewe, walimsema mpaka masikio yakamwasha. Alipopatia hatimaye, hakutaka mwingine ajue amepatiaje. Kila kisanduku alikimwagia gundi nyeusi kabla ya kukifunga, ile gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe. Ukitaka kuona kilichomo sharti uvunje, na ukishavunja huoni chochote cha maana.

Alikuwa na sababu zake. Morris, fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara, aliwahi kununua king'ora cha Zipporah cha mwanzo, cha kabla ya gundi, kwa kumtumia shemeji yake, akakifungua, akakiiga na kuanza kuuza vyake mji wa Maungu. Vya Morris vililia hata kwa upepo, na biashara ikamfia mapema, lakini kidonda kilibaki. Tangu hapo hawakuamkiana. Watu wawili wanafungua milango kila asubuhi wakiwa wametazamana, halafu ati hawaonani!

Tena kulikuwa na jambo jingine, ambalo Zipporah hakulisema kwa mtu. Mumewe alikwenda Mombasa kutafuta kazi akapata vyote viwili, kazi na mke mwingine, na watoto hawakujaliwa. Kilichomwinua kitandani ni kujua kwamba mahali fulani kuna king'ora kimeharibika, na kwamba hakuna mwingine duniani wa kukitengeneza. Akipigiwa simu kutoka Marungu alilalamika kwa sauti nyumba nzima isikie, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu, na huku akilalamika alikuwa anatafuta viatu. Alipenda kuhitajiwa. Ni nani asiyependa?

Kisha macho yakaanza kumsaliti. Kwanza alilaumu taa ya dukani, akanunua nyingine. Akalaumu waya wa risasi wa kuchomelea vipuri, kwamba wa siku hizi haushiki. Mwisho daktari akamwambia kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba atapasuliwa moja kisha jingine, na kazi ya vitu vidogo aisahau kwa miezi. Habari hiyo ilimjia wakati kikundi cha wakulima wa Marungu kimemwagiza ving'ora vya kijiji kizima, navyo vinatakiwa kabla ndengu za msimu huo hazijaanza kukomaa.

Kukataa alishindwa, na kutengeneza hawezi. Alihangaika nalo wiki nzima. Ndipo mtu mmoja wa kanisani akamtajia Lynn, binti wa Mwatate aliyesomea uhandisi na kufungua ofisi ndogo Nairobi. Kazi ya Lynn ilikuwa kuchora bodi, vile vibao vinavyobeba vipuri vya umeme ndani ya vyombo vya watu wengine. Wewe unamweleza unachotaka, yeye anachora, kiwanda kinatoa bodi zilizokamilika, mamia kwa mpigo. Kumpa mgeni uchoraji wa king'ora! Zipporah aliliona kama kumpa mtu amzalie mtoto. Hata hivyo alipiga moyo konde akamwita.

Lynn alishuka kwenye treni na mkoba mgongoni, akamwamkia kwa heshima, akanywa chai yake yote. Pembeni alikuwa amekaa Kalondu, mama wa Marungu na mwenyekiti wa kile kikundi, aliyekuja kuulizia ving'ora vimefikia wapi. Lynn akatoa bodi aliyomchorea mteja mwingine, ili Zipporah aione kazi yake. Ilikuwa ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Vipuri vyake vilikuwa kama punje za wimbi, na Zipporah, hata kwa lenzi, aliona ukungu tu.

"Hii ikiharibika," akauliza, "inatengenezwa aje?"

"Haitengenezwi, mama. Unatoa unatupa, mimi natuma ingine."

"Kutoka Nairobi?"

"Siku chache tu inafika."

"Siku chache!" Zipporah akaweka kikombe chini. "Mwanangu, ndovu unamwambia nini hizo siku chache? Akae kando angojee mzigo wa basi? Huyu mama hapa, king'ora chake kikinyamaza leo, usiku wa leo shamba limeenda. Anataka mtu wa hapa hapa akifungue, aone kilichoungua, abadilishe, amrudishie kabla jua halijatua. Mimi sitaki kitu ambacho mtu mmoja tu ndiye anaweza kukigusa, na huyo mtu yuko mbali! Huo si msaada, ni kumfunga mtu kamba."

Maneno hayo yalimtoka kwa moto, na akayafurahia. Lynn hakukasirika. Alieleza kwamba angeweza kutumia vipuri vikubwa, vya kushikika kwa vidole, vinavyopatikana hata Voi, ila kisanduku kitakuwa kikubwa zaidi, na itakuwa rahisi kwa watu kuiga. Kisha akasema jambo ambalo Zipporah alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Lakini mama, siwezi kuchora kitu sijaona. Lazima unionyeshe ya kwako ndani iko vipi. Hiyo ya ndovu na mbuzi, unifundishe yote."

Mezani palikuwa na kisanduku chake ambacho hakijafungwa, na ndani yake gundi nyeusi inang'aa. Zipporah akamwambia Lynn aende ale chakula cha mchana, arudi baadaye, yeye anataka kufikiria. Moyoni alikuwa ameshaamua. Angesema hapana, angewarudishia Marungu agizo lao, na macho yakipona angeendelea mwenyewe, pole pole, kama zamani.

Lynn alipotoka, Kalondu hakuinuka. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Zipporah alimpenda kwa hilo.

"Umesema vizuri, fundi," akasema. "Ile ya mtu mmoja tu kugusa."

"Si ndiyo hivyo? Hawa watoto wa Nairobi hawajui shamba."

"Ndiyo hivyo. Mwaka jana king'ora changu kilikufa."

Zipporah akageuka. "Mwaka jana lini? Mbona sikukiona?"

"Ulikuwa umefunga duka. Ulikuwa Werugha, mama yako yuko mahututi." Kalondu aliongea taratibu, macho kwenye kikombe. "Nilikuja nikakuta kufuli. Nikavuka nikampelekea Morris. Akafungua, akaona hii gundi, akafunga tena. Akaniambia, mama, hii imekataa mtu. Nikarudi nayo nyumbani."

"Na ndovu?"

"Walikuja."

Zipporah akakaa kwenye kiti cha wateja. "Si ungenipigia simu, Kalondu!"

"Nikupigie nikuambie nini, na wewe unauguza? Na baada ya hapo unazika?"

"Lakini ulikuja matangani. Nakumbuka vizuri. Ulikuja mpaka Werugha na kikapu cha ndengu, tukawapikia watu. Ndengu za shamba lako."

"Za shamba gani? Nilizinunua hapa sokoni," Kalondu akasema. "Ningekujaje matanga ya mama yako mikono mitupu?"

Zipporah alitaka kukasirika, maana hasira ingekuwa nafuu, lakini hakumpata wa kumkasirikia. Alimkumbuka mamake Tryphena ndani ya jeneza, na wale watu wote wakila na kuzisifu zile ndengu, na yeye mwenyewe akimwambia Kalondu, kwa furaha ya kufarijiwa, kwamba mwaka huo shamba limemjibu. Kalondu alikuwa ameitikia tu. Aibu ilimshika. Yale maneno makali aliyomwambia mtoto wa watu saa hiyo hiyo yalikuwa yakimhusu yeye mwenyewe tangu mwanzo, ila yeye hakuwa Nairobi, alikuwa hapo hapo Voi.

"Nisamehe," akasema.

"Nilikusamehe zamani. Lakini msimu unakuja, fundi."

Lynn aliporudi, Zipporah alikuwa ameshaondoa lenzi mezani. Alimwambia achukue karatasi. Alimweleza kila kitu, jinsi mbuzi anavyotikisa ua na kuacha, jinsi ndovu anavyoegemea na kubaki ameegemea, na jinsi chombo kinavyopaswa kusubiri kidogo kabla ya kuamua. Alipofika mahali pa siri yenyewe alikohoa, akaendelea. Kisha akatoa masharti yake: vipuri vikubwa, gundi isitiwe hata tone, na mchoro wa bodi ubandikwe ndani ya kila kifuniko, hata asiyesoma sana aufuate.

"Wataiga, mama," Lynn akamwonya tena.

"Waige. Ila andika hapo, aigaye aige vizuri."

Jioni, kabla ya kufunga, alivuka barabara. Morris alimwona akija, akaacha simu aliyokuwa akiifungua na kusimama wima kama mwanafunzi.

"Naenda kupasuliwa macho," Zipporah akasema, bila salamu. "Ving'ora vipya vikiharibika, watu wa Marungu watakuletea wewe. Mchoro uko ndani."

Morris akauliza, "Na yale mambo ya zamani, mama?"

"Yale sijayasahau."

"Basi?"

"Basi utatengeneza au hutatengeneza?"

"Nitatengeneza."

"Haya. Jioni njema," Zipporah akasema, na wenye vibanda vya jirani waliosikia hawakuamini masikio yao.

Bodi zilifika, ving'ora vikaunganishwa, vikafungwa Marungu nzima. Mvua ilikuwa nzuri. Ndengu zilipoanza kubeba, Zipporah alikuwa Mombasa kwa binamu yake Susan, jicho la pili limetoka kupasuliwa, limefunikwa, na ameonywa asilisugue. Kila siku alikuwa na simu mapajani. Haikulia. Alimwambia Susan mara nyingi kwamba huko Marungu hakuna mtandao.

Asubuhi moja ikalia. Alikuwa Kalondu.

"Fundi, pole na macho. King'ora changu kilikufa juzi, maji yaliingia."

Zipporah alikuwa ameshasimama, anapapasa viatu kwa mguu. "Niambie kilivyofanya. Nitapanda treni ya leo. Daktari atangoja."

"Ngoja basi nimalize. Nilipelekea Morris, akatengeneza siku ile ile. Usiku ndovu wakaja. Kikalia, wakarudi walikotoka. Hata jani hawakugusa."

"Sasa unanipigia kwa nini?"

"Nakupigia usije. Pumzika, fundi."

Zipporah alimshukuru Mungu kwa sauti, na alimshukuru kwa kweli. Alimcheka Kalondu, akamwagizia salamu kijiji kizima, na hata akamtaja Morris kwa jina. Simu ilipokatika alikaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, akaanza kulia. Susan alitoka jikoni mbio.

"Wewe, umekatazwa kulia! Jicho linauma?"

"Haliumi."

"Ni habari mbaya? Kumetokea nini Marungu?"

"Ndovu wamekuja," Zipporah akasema, akitafuta leso. "Wamekuja, Susan, na mimi sikuhitajika."