Gemu Lililonipa Kidari Ukweni

Jamani, ukweni Machame sirudi tena. Krismasi nilimkuta baba mkwe amelitoa kabatini gemu la kaseti alilochezea mke wangu utotoni, nikajigamba kwamba enzi hizo mtaani kwetu Pasua nzima hakuna aliyeniweza. Pedi ya kuchezea haikuwa na waya. Nikawaeleza kwamba zile bora hazinaga.

Jamaa wa kwenye gemu akaruka mashimo, nami nikaruka naye kwenye kochi, nikibonyeza hadi jasho. Baba mkwe akashangilia, akaagiza niletewe kidari cha mbuzi, nyama ya heshima.

Ndiyo kwanza nakimega, mama mkwe akasimama mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe, kaufunga kwa waya mweusi.

"Waya wa hicho kidude ndio huu, mkwe wangu. Hilo gemu usipoligusa linajicheza lenyewe."

Baba mkwe akanipokonya sahani, akaiweka mbele ya televisheni.