Viluwiluwi Katika Birika la Mama Mkwe

Nilipooa Amu, ndio mji wa Lamu, katika miaka ya hamsini, nilihamia nyumbani kwa mama mkwe kama ilivyo desturi ya mji ule: binti haondoki, mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Mimi nilitoka kisiwa cha Pate. Nilikuja na sanduku la bati, saa ya mkono isiyokwenda sawasawa, na cheti cha ualimu. Katika hivyo vitatu nilikitegemea zaidi cheti.

Mama mkwe alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyosikika nyumba nzima. Kisheria hakuwa na haja ya kujificha kwangu, maana mkwe ni kama mama. Lakini haya ni kitu kingine. Kati ya ukumbi wake na chumba chetu palikuwa na pazia la bafta, na maneno yote baina yetu yalipita kwa mke wangu. Mama mkwe akisema upande wa pili, hatua tatu kutoka nilipoketi, "Muulize mumeo kama chai imemtosha," mke wangu aligeuka akaniuliza, "Bwana, chai imekutosha?" Nami nilisema imenitosha, naye akageuka kulitangazia pazia. Sote watatu tulikuwa na masikio mazima.

Jambo hilo lingenichekesha, kama si habari ya mume wa dada mkubwa wa mke wangu, ambaye sasa alikaa nyumba yake. Huyo alikuwa muuza nguo, mtu wa heshima zake. Alikaa nyumba ile miaka minne na mama mkwe hakumsemesha moja kwa moja hata siku moja. Siku ya mwisho alirudi kutoka dukani akakuta sanduku lake limetolewa dakani, kwenye baraza za mlangoni, limefungwa kamba vizuri. Nilihadithiwa kisa hicho na watu wanne katika wiki ya kwanza, na kila mmoja alikawia kidogo kwenye zile kamba. Nilimpenda mke wangu. Kila nikirudi kutoka shule, kitu cha kwanza nilichotazama ni daka.

Chooni mlikuwa na birika lililojengwa kwa chokaa, la maji ya kuoga na kutawadhia. Ndani yake, kama katika nyumba nyingine za mji, waliishi samaki wawili wadogo wa kula watoto wa mbu. Sakafuni mwa birika lilipachikwa bakuli la kauri kwa ajili yao, ili maji yakipungua wasikauke. Walinitangulia katika nyumba ile na walinizidi cheo, kwa kuwa mama mkwe aliwasemesha wao moja kwa moja.

Niliwaua kwa elimu. Darasani nilikuwa nafundisha usafi wa maji, na shuleni palikuwa na chupa ya dawa ya kuulia vijidudu, nikaona si vyema nyumba yangu iwe nyuma ya shule. Kipimo kilikuwa matone machache. Mimi nilimimina kwa ukarimu wa bwana harusi. Alasiri samaki wote wawili walikuwa wakielea matumbo juu, katika maji safi ajabu. Mama mkwe alikuwa ameenda maulidini. Nikawazika uani chini ya mwasumini, nikayatoa maji ndoo kwa ndoo, nikasugua birika, nikajaza maji mengine kutoka kisimani, kisha nikamwambia mke wangu kwamba samaki wamekufa kwa uzee na nitaleta wengine. Alinitazama kwa muda. Halafu akalipelekea pazia habari hiyo.

Masika yalikuwa yamekolea, na nyuma ya mji, kwenye mashamba ya minazi, palikuwa na vidimbwi vya mvua. Katika kimoja niliona viumbe vidogo vyeusi, vyenye mikia, vinene vichwani, vikiogelea kwa mamia. Nilishukuru Mungu kwa wepesi wa riziki. Nikachota kumi na wanne kwa mkebe wa maziwa, nikawatia birikani kabla jua halijakuwa kali.

Sasa niseme jambo lililonichukua miaka mingi kulisema. Wiki mbili kabla ya siku ile nilikuwa nimechora ubaoni maisha ya chura: mayai katika ute wake, kiluwiluwi, kiluwiluwi aliyeota miguu, chura. Picha nne na mishale. Nilikuwa nimewachapa wanafunzi wawili kwa kukosea mishale. Lakini kiluwiluwi wa kitabuni alikuwa mkubwa kama kiganja, na wa kidimbwini alikuwa kama kokwa ya ukwaju. Isitoshe, mtu aliyekulia Pate akiona kitu chenye mkia kinaogelea, huwa hana haja ya kufikiri zaidi.

"Muulize mumeo, samaki hawa watoka wapi?" ilisema sauti nyuma ya pazia jioni ile.

"Bwana, samaki watoka wapi?"

"Mwambie mama, ni wa bara," nikasema. Neno bara huwa linatosheleza mambo mengi.

"Mwambie, wameshika ndia gani hata wakafika wazima? Na mbona vitwa vyao vikubwa hivi?"

"Mwambie mama, ndiyo jinsi yao. Ni samaki wenye akili."

Hapo nikadhani pazia limeridhika.

Samaki wangu hawakumgusa hata mtoto mmoja wa mbu. Walichopenda ni ule ukungu wa kijani unaoota ukutani mwa birika. Waliukwangua kutwa kucha kwa vinywa vyao vidogo mpaka chokaa ikang'aa, na mbu nao wakazaliana kwa raha zao, nikawa najikuna mbele ya darasa. Niliwatetea. Nilimwambia mke wangu kwamba samaki wa bara huchukua muda kuzoea chakula cha mjini.

Wiki ya tano, nikichota maji ya adhuhuri, nilimwona mmoja amejitegemeza ukutani kwa miguu miwili ya nyuma. Nilikaa ukingoni na kata mkononi mpaka sala ya jamaa msikitini ikanipita.

Kuwaua haikuwezekana, maana tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kuwa chura hauawi. Kuwatoa kungemaanisha kueleza walikokwenda, na kueleza walikokwenda kungemaanisha kueleza mwenye cheti alikuwa akiangalia nini siku ile kidimbwini. Basi nikafanya kama wafanyavyo wasomi, nikaamua kuchunguza.

Miguu ya mbele ilichomoza ghafla, kwa wengine mmoja leo na mwingine kesho. Halafu nikangoja mikia. Darasani nilikuwa nimesema, kwa uhakika mkubwa, kwamba mkia hukatika ukaanguka, kwa hiyo siku tatu nzima niliitafuta sakafuni mwa birika kwa kata. Sikupata hata mmoja. Mkia haukatiki, hunywea. Chura mchanga huacha kula, kinywa chake kikatanuka kuwa kipana, na siku hizo huishi kwa mkia wake mwenyewe, akiumaliza kutoka ndani, huku akipanda juu kuvuta hewa kwa mapafu mapya. Niliyaona haya kwa macho yangu na nikafurahi kweli, kuliko siku niliyopewa cheti.

Furaha hiyo ilidumu mpaka kesho yake, nikiwa katikati ya somo la hesabu. Nilikuwa nimegeukia ubao ndipo nikatambua kwamba kiumbe mwenye mapafu, ndani ya birika lenye kuta laini, hana pa kupanda. Ataogelea mpaka achoke, kisha afe. Kumi na wanne wafie katika maji anayotawadhia mama mkwe, na sala zake ziingie mashaka kwa sababu yangu. Nililiona sanduku langu dakani na kamba zake. Nikawaambia wanafunzi wasome kimya, nikatoka mbio, mwalimu mzima na kanzu yake, vichochoro vyote mpaka nyumbani.

Birikani nilikuta kipande cha kuti la mnazi kimeegemezwa ukutani, ncha moja majini, nyingine ukingoni. Juu yake walikuwa wamekaa vyura wanne wadogo kama ukucha wa kidole gumba, mikia imebaki vishina, wanapumua. Karibu na mlango palikuwa na mtungi wenye kifuniko na kata yake, umejaa maji ya kutawadhia. Nikakumbuka kwamba mtungi huo nilikuwa nikiupita kila siku. Ulikuwapo tangu kesho yake baada ya mimi kuleta mkebe.

Nilimuuliza mke wangu ni nani aliyeweka kuti. Akasema si yeye. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu.

Nikaketi mahali pangu mbele ya pazia. Upande wa pili nilisikia tasbihi ikihesabiwa punje kwa punje. "Mwambie mama," nikaanza.

"Mwambie mwenyewe," akasema mke wangu.

Nikalisemesha pazia. "Mama, wale si samaki. Ni vyura. Kazi yangu ni kufundisha watoto habari zao, na sikuwatambua. Nikaja nikawatambua, nikanyamaza kwa aibu. Nisamehe."

Tasbihi ikasimama. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kumwogopa mkaguzi wa shule.

"Mwalimu," ikasema sauti.

Halikuwa limewahi kunifikia neno kutoka kinywani mwake pasipo kupita kwa mtu.

"Labeka, mama."

"Wale samaki wangu wawili, uliwazika wapi?"

Nilitazama mikono yangu. "Tini ya mwasumini, mama."

"Nami nikayua. Mwaka huu umetoa maua mno." Punje mbili za tasbihi zikapita. "Ukileta wengine, nioneshe kwanda."

Mke wangu aligeuka kwangu, kwa mazoea, anifikishie maneno. Kisha akafumba kinywa.