Kilichomrudisha Kahiga Kutoka Baharini

Kahiga hakufukuzwa kazi kwa sababu ya pombe. Pombe hajawahi kuionja, hata ile ya harusini inayopitishwa kwa glasi ndogo. Hakuuza dizeli ya meli, hakupigana na Mzungu yeyote, na wale wanaonong'ona kule Subukia kwamba alitakiwa amtoe mama yake kafara wanapaswa kujua kwamba mama yake yuko hai, anakamua ng'ombe wake kila asubuhi, na anawasikia.

Ni mtoto wa kijiji cha Kabazi, huko huko Subukia, kifungua mimba wa marehemu Gathogo na Mwalimu Wamaitha, yule aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana hadi alipostaafu. Gathogo alifariki Kahiga akiwa bado shule ya msingi, na tangu hapo Wamaitha aliapa kwamba hakuna atakayepata nafasi ya kusema watoto wa mjane hawana adabu. Nyumbani kwake mtoto hakumkatiza mtu mzima. Akiwa na neno, alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, akangoja mpaka aulizwe. Siku moja ndama aliingia kwenye sukuma wiki Wamaitha akiwa sebuleni na mchungaji. Kahiga alimwona ndama, akaja, akasimama mlangoni. Maombi yalikuwa marefu. Alipoulizwa shida ni nini, shambani palikuwa pamebaki mashina matupu. Mchungaji alicheka, akasema hajapata kuona mtoto mwenye adabu namna hiyo, na Wamaitha akaisimulia habari hiyo kwa miaka mingi kwenye vikao vya akina mama, kama mtu anayeonyesha cheti.

Kijana alisomea umeme Nakuru, kisha akapelekwa ng'ambo kusomea kuendesha roboti za chini ya maji. Akaajiriwa kwenye meli ya kigeni iliyokuwa ikitayarisha visima vya gesi mbali na pwani ya Msumbiji, mahali ambapo bahari ina kina kisichofikiwa na mzamiaji yeyote. Huko mabomba na valvu kubwa kama lori hushushwa kwa waya wa chuma hadi sakafuni mwa bahari, na roboti yenye taa na kamera huenda navyo. Kahiga aliketi melini ndani ya chumba kidogo, akiiongoza roboti kwa mkono na kutazama skrini. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya wenzake huko chini. Wamaitha alijifunza mambo hayo yote. Aliyemuuliza kanisani habari za mwanawe hakujibiwa tu kwamba yuko baharini. Alielezwa kisima, valvu na shinikizo la gesi mpaka akaanza kuangalia saa.

Ndipo Kahiga akarudi, wakati wa mvua za vuli, na mizigo yake yote, bila kupiga simu. Alimweleza mama yake kilichotokea, mara moja tu, wakiwa wawili jikoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Hili halitoki humu ndani."

Halikutoka. Watu wakajitungia lao.

Uvumi ulifika Rongai, na huko ndiko ulikouma. Kahiga alikuwa amechumbiana na Jepleting, nesi, binti wa Mzee Kemboi, mkulima wa mahindi wa huko, na siku ya familia kukutana ilikuwa imepangwa. Kemboi alituma neno kwamba amesikia habari za ulevi na angependa kuelezwa uso kwa uso. Jepleting hakuwa msichana wa kuolewa baba yake akiwa amekataa. Na kama Kemboi angekataa, uvumi wote ungepata ushahidi.

Asubuhi ya kuondoka, Wamaitha alimvuta pembeni Maina, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa msemaji wa familia.

"Ukiulizwa habari za kazi, sema yuko likizo."

"Mwalimu, likizo ya miezi yote hii?"

"Likizo za meli ni ndefu. Wewe sema."

Hakumtazama machoni alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa amewahi kuwarudisha wasichana nyumbani kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kwa Kemboi walipokewa vizuri, wakapewa mursik, maziwa ya kugandishwa kibuyuni, na chai. Jemutai, dada yake Kemboi, alimkagua Kahiga kutoka juu hadi chini.

"Ndiye huyu anakaa chini ya bahari? Hebu geuka tuone mapezi."

"Mapezi ameacha Mombasa, mama," Maina akajibu. "Huku amekuja na miguu."

Walicheka wote, hata Wamaitha. Kisha Kemboi akaweka kikombe chini.

"Sisi ni wakulima, hatupendi kuzunguka. Tumesikia kijana alifutwa. Ni kweli ama ni maneno ya watu?"

Maina alikohoa kidogo. "Mzee, huyu yuko likizo. Kazi ya gesi si kama shamba. Unaenda, unarudi, unapumzika, halafu meli inakuita..."

"Baba mdogo, simama hapo," Kahiga akasema.

Katika kikao cha namna hiyo anayeoa hukaa kimya, wazee wakamsemea. Maina alibaki mdomo wazi.

"Kahiga," mama yake akamwita, kwa ile sauti iliyokuwa ikinyamazisha shule nzima. Haikumnyamazisha.

"Siko likizo, mzee. Nilitolewa. Na si pombe." Alikuwa akitazama zulia. "Kwenye ile meli kuna sheria. Mtu yeyote, hata wa kuosha vyombo, akiona hatari anasema 'simamisha', na kazi yote inasimama. Hakuna wa kumuuliza yeye ni nani. Siku hiyo tulikuwa tunainua fremu ya chuma kutoka chini. Nikaona kwenye skrini imenasa kwenye bomba. Msimamizi wa kazi juu kwenye sitaha alikuwa kwenye redio, anaagiza watu wavute. Ni mzee, mtu wa Mtwara, umri wa baba yangu. Nikangoja."

"Ukangoja nini?" Kemboi akauliza.

"Amalize kuongea."



"Waya ulikatika huko juu, ukarudi kwa nguvu, ukampata yeye mwenyewe. Mguu wake ulikatwa chini ya goti."

"Kwani aliongea sana?" Jemutai aliuliza polepole.

"Si sana, shangazi. Kidogo tu."

"Na sheria ulikuwa unaijua," Kemboi akasema. "Sasa kilichokuzuia ni nini?"

 Macho ya Kahiga yalimwendea mama yake, bila yeye kutaka, kisha yakarudi chini upesi. Lakini wote walikuwa wameyafuata. Wamaitha alihisi uso ukimwaka hadi masikioni. Alitamani ingekuwa pombe. Pombe ingekuwa aibu ya kijana peke yake.

"Mwalimu," Kemboi akasema, kwa heshima iliyozidi kumchoma, "haya uliyajua?"

"Niliyajua."

"Na huyu mzee mwenzangu akatuambia likizo."

"Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo."

Maina alikuwa akichunguza viatu vyake. Kemboi alimgeukia Kahiga.

"Huyo mzee umemwona tangu atoke hospitali?"

"Bado. Nilidhani nitaitwa."

"Kumbe bado unangoja," Jemutai akasema.

"Nenda umwone," Kemboi akamwambia. "Akikufukuza, rudi uniambie. Akikukaribisha, rudi uniambie. Lakini kama huendi, njia ya hapa kwangu uisahau."

Wakamaliza chai, wakarudi Kabazi.

Kahiga alisafiri hadi Mtwara. Wamaitha alienda naye ingawa hakuambiwa aende. Yule mzee aliwapokea akiwa ameketi kwenye kiti cha kamba, na alipoona mama mtu mzima anaingia, akaomba radhi kwamba hawezi kusimama. Wamaitha, aliyekuwa ametayarisha maneno tangu nyumbani, hakuyapata tena.

Waliporudi, Kahiga alienda Rongai peke yake, akazungumza na Kemboi ghalani mlango ukiwa umefungwa. Harusi ni Agosti.

Tangu tarehe itangazwe, akina mama wamekuwa wakimzingira Wamaitha baada ya ibada. Jumapili iliyopita alikuwa Linah, jirani yake wa miaka mingi, aliyemshika mkono kabisa.

"Mwalimu, mimi si mtu wa kupeleka maneno. Huyo mzee wa Mtwara aliwaambia nini?"

"Alituambia yaliyotuhusu."

"Lakini aliwasamehe?"

"Kahiga hakuwa mlevi wala mwizi, na alienda. Hayo unaweza kuwaambia watu."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Hilo silisemi, Linah," Wamaitha akajibu, akauondoa mkono wake. "Wala usiniulize tena."